Moshi wa Mabibo wa Nyangamara

Jumatatu, 1 Novemba 1954

Nilidhani leo nitapumzika. Kesi za wiki iliyopita zimenikausha koo. Kimwera kwenda Kiingereza, Kiingereza kurudi Kimwera, kutwa maneno ya watu wengine. Jioni nikifika nyumbani sina langu la kusema. Mke wangu Mwanaima amezoea. Ananiwekea chakula, ananiacha nile kimya kimya.

Asubuhi Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, akaniita. Amefikiwa na mgeni, Bwana Hadli, ametoka Nairobi, mtu wa kampuni ya kupika vinywaji vikali. Hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Anataka kwenda bara kuona wenyeji wanavyopika pombe ya moshi kwa mabibo. Anasema watu wanachuma korosho, tunda lenyewe, bibo, linaozea chini ya mkorosho. Kampuni ikiyanunua hayo matunda itapika jin, nzuri kama ya Ulaya.

Bwana Shauri akacheka kidogo. Akasema yeye hajui kama wilayani mwake kuna mtu anayepika moshi, maana angejua angemfunga. Kisha akaniambia nifungashe, safari kesho.

Kwa nini mimi? Kwa sababu ya marehemu mama, aliyekuwa Mmwera. Makarani wenzangu hapa bomani ni watu wa pwani watupu, Kimwera chao ni cha kuulizia bei ya mtama.

Mwanaima hakupenda. Aliuliza boma limekosa kazi nyingine ya kumpa Mwislamu. Nikamwambia aliyetumwa hachagui. Akaenda kunipigia pasi kanzu.

Jumanne, 2 Novemba

Vumbi. Vumbi la njia ya Mtama mpaka kwenye meno.

Bwana Hadli hana ukali. Kosa lake ni kuuliza. Huu mti gani, wale wamebeba nini, yule mama amesema nini. Nafasiri hata salamu za njiani. Landrova inaruka, naye anauliza.

Tumefika Nyangamara mchana. Jumbe Yunusu ametupokea vizuri, katoa viti na maji ya kunawa. Nilipomweleza tulichofuata, akaapa kuwa hapa kwake hakuna moshi, watu wanakunywa togwa tu. Upepo ulikuwa unatoka nyuma ya nyumba yake. Bwana Hadli akanusa, akanitazama, akatabasamu. Hilo halikuhitaji mkalimani.

Kichwa kinaniuma tangu Mtama. Homa hii, naijua inavyobisha hodi.

Jumatano, 3 Novemba

Jumbe kaja mwenyewe asubuhi. Usingizi umempa mawazo mengine, au amemwogopa Bwana Shauri. Kasema yuko mama mmoja ng'ambo ya kijito, Theresia, mjane wa Likwata. Ndiye anayejua. Ila hatamtokea Mzungu, kwa kuwa mwaka juzi askari walivunja vyungu vya jirani yake, na huyo jirani akaenda kufia jela.

Tulikwenda kwa miguu. Miguu yangu mizito kama ya kuazima. Tukamkuta amekaa chini ya mikorosho yake anakata korosho kwenye mabibo, mikono imelowa utomvu. Mabibo yamejaa pale, mekundu na ya njano, nyuki tele. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Kilichobaki kilikuwa Kimwera.

Hakuuliza habari za Mzungu. Aliuliza habari zangu. Mama yako nani? Nikamtajia Mwanaheri, binti wa ukoo wa hapo mlimani, aliyeolewa pwani akasilimu. Akaacha kisu. Kumbe walicheza unyago pamoja. Akanihoji mama yuko wapi. Nikasema ametangulia. Akaweka mkono kifuani, ule ule wenye utomvu.

Kisha akaniuliza, sauti ya chini, ingawa Mzungu hakuwa na la kusikia: "Mwanangu, huyu akishaona, nitafungwa?"

Nikafasiri. Bwana Hadli akajibu kwa urefu. Kwamba yeye si polisi. Kwamba mambo ya sheria hayamo mikononi mwake. Kwamba yeye amefuata kinywaji tu, jina la mama hataliandika popote, na anatumaini siku moja serikali itabadilisha sheria, akina mama kama huyu wapewe leseni. Maneno mengi. Jua limepanda, kichwa kinagonga, nina kiu. Yule mama ananitazama mdomoni.

Nikamwambia: "Hutaguswa."

Akainuka, akatuongoza.

Mtambo wenyewe uko bondeni karibu na maji. Nilitegemea kitu kikubwa. Chungu tu juu ya mafiga, mdomo umezibwa kwa udongo, na ubavuni limetoka bomba – mtutu wa gobori la marehemu mumewe, kasema. Mtutu unapita ndani ya hori la maji baridi, mwisho wake kuna chupa. Ndani ya chungu maji ya mabibo yaliyolala siku kadhaa mpaka yakachachuka. Moto mdogo. Mvuke ukifika kwenye ubaridi unageuka maji. Tone. Tone. Tone. Tulikaa sisi watatu tunatazama tone, na kusema kweli nilitamani nilale pale pale.

Bwana Hadli alipiga magoti kama anayeswali. Alichora kila kitu. Akaonja kwa kifuniko cha chupa yake ya maji, akafumba macho, akasema, "Jin! Jin hasa." Theresia akashtuka, akarudi nyuma. Ameona jini? Jini gani, liko wapi? Ilinibidi nieleze kwamba ni jina la kinywaji chao Wazungu. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Bwana Hadli akacheka bila kujua kilichomchekesha. Nami nikacheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Ilipofika habari ya ladha nilishindwa. Anauliza mama anajuaje wakati wa kuacha kukinga. Mama anasema kwa ulimi, kwamba ya kwanza inauma mbele, ya katikati inapita kooni kama asali, ya mwisho inakuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Mimi sijawahi kuionja. Nikayapeleka hayo maneno kama mtu anayebeba mzigo gizani, nisijue kimefika nini.

Mama kampa Bwana Hadli chupa moja, imezibwa kwa gunzi. Tulipoagana alinishika mkono, mkono wa mtoto wa Mwanaheri, hivyo ndivyo alivyosema, akaniambia nisipotee, nije tena baada ya kupanda.

Alhamisi, 4 Novemba

Tumerudi. Homa. Kwinini. Mwanaima ameinusa kanzu, akaitia majini.

Jumatatu, 8 Novemba

Maulidi. Mji wote udi na ubani. Nimekaa nyuma kwa sababu ya uchovu wa homa. Nimesikiliza tu, hakuna aliyenitaka nifasiri. Raha ilioje.

Bwana Hadli ameshaondoka, tangu juzi. Alinipa mkono mbele ya makarani wote akasema nimemsaidia sana. Kanzu imefuliwa mara mbili, Mwanaima anasema harufu bado ipo. Mimi siisikii.

Jumatano, 10 Novemba

Kibwana, mpishi wa Bwana Shauri, amenipitia jioni. Kaeleza kama kisa cha kuchekesha. Usiku wa kuagana, Bwana Hadli alifungua ile chupa mezani. Wageni walikuwepo, na Bwana Polisi mmojawapo. Kila mmoja akaonja, wakashangaa. Bwana Hadli akasimulia yote kwa furaha: kijito, mikorosho, mtutu wa gobori, mama alivyocheka. Jina hakulitaja. Alitimiza ahadi yake. Lakini ng'ambo ya kijito Nyangamara, mjane mwenye mtutu wa gobori – hapo jina la nini?

Bwana Polisi alicheka na wenzake. Jumatatu, kasema Kibwana, hakuwa anacheka. Alimwambia Bwana Shauri kwamba akishasikia amesikia, hawezi kujifanya kiziwi.

Kibwana kaenda zake. Chai imepoa.

Nimekaa nayakumbuka maneno yale ya Bwana Hadli. Si polisi. Sheria haimo mikononi mwangu. Hakusema hutaguswa. Ninajua Kiingereza. Nalipwa kwa ajili hiyo. Yeye alisema sitakugusa mimi. Mimi nikasema hutaguswa. Kwa Kimwera tofauti yake ni ndogo sana, pumzi tu.

Nilikuwa nimechoka.

Alhamisi, 11 Novemba

Nilifikiri kumpelekea Jumbe habari. Hakuna gari la kwenda huko mpaka Jumamosi. Nimeuliza kwa Wahindi, nimeuliza sokoni. Halafu nikawaza: karani wa boma akimwonya mvunja sheria, huyo ni nani? Nikarudi ofisini nikaandika nilichopewa kuandika.

Ijumaa, 12 Novemba

Lori la askari limeingia wakati watu wanakwenda msikitini. Nililiona dirishani. Theresia kateremshwa, kajifunga khanga ile ile. Nyuma yake askari amebeba mtutu, umefungwa karatasi ya ushahidi. Vyungu wamevivunja huko huko.

Aliniona. Hakunisalimu wala hakunigeuzia uso. Alisimama tu ananitazama, kama mtu aliyeuliza jambo anangoja afasiriwe.

Sikwenda kuswali. Nimeswali nyumbani, rakaa sizikumbuki.

Mwanaima alinitoa maneno moja moja kama anayechambua mchele. Nilipomaliza aliuliza moja tu: "Mzungu ndiye aliyesema, au wewe?"

Nikajibu: mimi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 13 Novemba

Nimemwomba Bwana Shauri anitoe katika kesi hiyo. Kaniuliza sababu. Nikasema homa. Kasema kesi ni Jumatatu, nina siku nzima ya kupona, na hana mtu mwingine wa Kimwera. Nikauliza kama Bwana Hadli anaweza kupelekewa simu aeleze walivyopatana. Akanikazia macho. Kasema Bwana Hadli yuko baharini, anakwenda kwao, na hakuwa na madaraka ya kupatana na mtu yeyote. Kisha akauliza: walipatana nini?

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nikasema sijui vizuri, Bwana, nilikuwa na homa.

Nilipotoka nilipita mahabusu. Mlinzi ananijua, kaniacha. Nilimpelekea Theresia uji. Alikunywa. Nilianza kusema, nikaanza mara mbili, kila mara sentensi ikanikatikia mdomoni – mimi, ambaye kazi yangu ni sentensi. Yeye akaniuliza kama huko kwao mvua imeanza. Mbegu ameziacha juu ya dari, hazijapandwa, na hapo nyumbani hakuna mtu. Nikasema sijasikia. Akasema mwaka huu itawahi, miguu imeanza kumuuma kama kila mvua ikikaribia. Akanirudishia bakuli.

Jumatatu, 15 Novemba

Naandika barazani kwa mahakama. Nimekuja na daftari leo, sijui kwa nini.

Kesi imeanza asubuhi. Bwana Shauri ndiye hakimu. Askari kaeleza, mtutu umewekwa mezani. Yote hayo niliyafasiri vizuri. Theresia ameulizwa kama anakiri kupika moshi. Kakiri. Ameulizwa kama ana la kusema kabla ya hukumu.

Kasimama. Kasema polepole, kwa Kimwera kilichonyooka, kila mtu alimsikia, ila hapakuwepo mwingine wa kuelewa. Kasema hakutaka kumwonyesha Mzungu. Kasema aliuliza kama atafungwa, na aliulizia hapo hapo mbele ya Mzungu mwenyewe. "Huyu hapa, mtoto wa Mwanaheri, akaniambia sitaguswa. Nataka kujua lile lilikuwa neno la nani. Kama ni la Mzungu, Mzungu aitwe. Kama ni lake, aseme."

Akakaa.

Bwana Shauri kaniuliza anasema nini.

Ningeweza kusema anaomba huruma. Wengi huomba huruma, nimeshalifasiri neno hilo mara ngapi, Kiingereza chake kiko tayari ulimini. Hapana mtu chumba kizima ambaye angejua. Nikafungua mdomo, na mvua ikashuka juu ya mabati. Mvua ya kwanza. Kishindo, hata ukipiga kelele husikiki. Bwana Shauri akaita mara ya pili, akaweka mkono sikioni, akaacha. Akaashiria tutoke mpaka ipungue.

Kwa hiyo tumo barazani. Mimi huku, Theresia kule mwisho na askari wake, wamekunja miguu isilowe. Anaitazama mvua. Anainama mbele, anatazama upande wa bara, kama anaipimia huko kwao inanyeshaje. Askari amempa nafasi akae vizuri.

Sasa hivi kageuka. Kaniuliza kwa mbali, bila ukali, kama mtu anayeulizia mzigo wake njiani: "Umeshamwambia?"

Nikamjibu bado.

Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kuitazama mvua.

Inapungua. Nasikia viti vinavutwa ndani. Tarishi ameshafungua mlango, anamwita yeye kwanza, kisha ananiita mimi.