Mashine Moja, Migongo Miwili

Mpendwa Shangazi, shikamoo, ingawa nina miaka sitini na saba na huenda wewe ndiye unayepaswa kuniamkia mimi. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo siwezi kumwambia jirani kwa sababu litafika sokoni kabla yangu, wala binti yangu kwa sababu nimeshamdanganya, wala mume wangu kwa sababu hatusemezani.

Mimi ni fundi cherehani, au nilikuwa, na mume wangu ni seremala aliyestaafu, ingawa seremala hastaafu, anapunguza kelele tu. Miaka arobaini yeye amefanya kazi barazani na mimi chumba cha mbele, akiniita Fundi nami nikimwita Fundi, mpaka mteja akibisha na kuuliza kama fundi yupo tunaitika wote wawili, kisha tunacheka. Sipendi kujisifu, lakini watoto wetu watatu wamesoma kwa ile cherehani, na nusu ya milango ya mtaa huu ni kazi ya mikono yake, kwa hiyo katika nyumba yetu hakuna aliyekula jasho la mwenzake.

Sasa mwaka jana mgongo ukaanza kunisumbua, huku chini kiunoni, kwa sababu mimi vitambaa huvikatia juu ya kitanda nikiwa nimeinama, na daktari akasema ni umri na kuinama, akatuelekeza kwa mtaalamu wa viungo, mimi na mume wangu pamoja, maana yeye naye amebeba mbao maisha yake yote na mgongo wake unajua. Baadaye nikaenda kwa binti yangu kupumzika wiki mbili. Niliporudi, Shangazi, nilikuta sofa. Pale ilipokuwa cherehani yangu pamewekwa sofa aliyoitengeneza mwenyewe, ina mito, na juu ya mto kuna kiboksi cheupe chenye nyaya na vibandiko vinne, ile mashine ya umeme ya kuchezesha misuli tuliyoonyeshwa kwa mtaalamu, na mume wangu amesimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi, akaniambia, "Nimeuza ile iliyokuwa inakuumiza, nimenunua hii ya kukuponya."

Hakuniuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko mgongo wenyewe. Angeniuliza huenda hata ningekubali, lakini hakuniuliza, mashine iliyonilisha ikabadilishwa kwa mashine ya kunifinya, na aliyeinunua ni mama mmoja wa mtaa wa pili anayeshona sare za shule, nikipita mlangoni kwake naisikia, ina mlio wake ninaoujua kama kikohozi cha mwanangu, kwa hiyo siku hizi naenda sokoni kwa njia ndefu. Siku ile nilimwambia mume wangu, "Umeniuza mimi," nikafunga mdomo, na yeye akanuna kwa sababu alitegemea ahsante. Sasa ni mwezi wa saba tumenuniana.

Usidhani nyumba iko kimya. Tunasema sana, ila hatusemezani. Yeye huiambia birika, "Kuna watu wameacha mlango wa nyuma wazi." Mimi huiambia sufuria, "Wapo waliomaliza sukari wakarudisha kopo tupu." Chai yake anaikuta mezani, shati lake likikosa kifungo nakishona, kwa mkono, Shangazi, mimi wa kushona kifungo kwa mkono.

Lakini mgongo haujali nani kanuniana na nani. Mtaalamu alikuwa ametufundisha vizuri: vibandiko viwili kila upande wa uti wa mgongo, dakika ishirini, namba ziko moja hadi kumi na tano, unapandisha polepole mpaka misuli icheze bila kuuma. Sasa hebu wewe jaribu kujibandika kitu nyuma ya kiuno ukiwa na bega linalogoma. Nilijaribu kwa kioo, kibandiko kikanasa kwenye nywele. Nilijaribu kwa mwiko. Yeye nilimchungulia anajisugua kwenye fremu ya mlango huku kibandiko kimening'inia kwenye suruali. Siku ya tatu akaja, akasimama, akaiambia saa ya ukutani, "Kuna watu wana migongo, na kuna watu wana mikono." Nikalala kifudifudi kwenye ile sofa.

Ndiyo ikawa desturi yetu, saa kumi jioni, mimi kwanza kisha yeye. Na kwa kuwa nyaya ni fupi, anayembandika mwenzake ndiye anayeshika kiboksi, na hapo ndipo shetani alipopata pa kukaa. Siku ya kwanza alinipeleka nane moja kwa moja, bila kuuliza, kama alivyouza cherehani bila kuuliza, kiuno kikaruka chenyewe na mimi siwezi kulalamika maana kulalamika ni kumsemesha, nikauma mto dakika ishirini nzima. Zamu yangu ikafika, nikampeleka kumi na moja. Alitetemeka kama nguo kwenye kamba lakini mdomo hakufungua, alipoinuka akaiambia dari, "Kuna watu wana mikono mizito." Tukaenda hivyo wiki nzima, tunagombana kwa namba.

Siku ya nane akabandika, akashika kiboksi, halafu akauliza, "Nne?" Hakuiambia birika wala dari. Aliniuliza mimi. Nikasema, "Nne." Machozi yakanitoka pale pale, nikashukuru kwamba nimelala kifudifudi na sofa haisemi. Tangu siku hiyo ndiyo mazungumzo yetu. "Tano?" "Tatu." "Imefika?" "Bado." Zikiisha dakika ishirini anabandua taratibu, kimoja kimoja, anashikilia ngozi kwa kidole ili isivutike, na hilo mtaalamu hakumfundisha.

Sasa Shangazi, mgongo umepona. Naona aibu hata kuandika. Ile mashine, pamoja na yale mazoezi ya kuinuka kwenye kiti mara kumi asubuhi na mara kumi jioni, imenifaa, nafua, nadeki, nikiangusha kitu naokota, na ni karibu miezi miwili sasa. Lakini ikifika saa tisa na nusu naanza kushika kiuno. Naugua vizuri sana, ungeniona ungenipa pole. Yeye bado anaumwa, maskini, kila zamu yake anashuka kwenye sofa kwa kuguna, ingawa juzi soketi tunayochajia mashine iliungua akalisogeza kabati la vyombo peke yake, na vyombo vikiwa ndani, ili tutumie soketi iliyo nyuma yake tusije tukakosa zamu.

Juzi hiyo hiyo binti yangu akapiga simu. Mama mkwe wake siku hizi hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa na watu wawili, na wamesikia tuna mashine. Akaniuliza, "Mama, bado mnaihitaji?" Nikamwambia mgongo wangu ni mbaya kuliko mwanzo. Nimemdanganya mwanangu, na kuna mama wa watu amekaa kwenye kiti anasubiri uongo wangu uishe. Nikiitoa, saa kumi itafika na mume wangu hatakuwa na sababu ya kunigusa, tutarudi kwenye birika. Nisipoitoa, mimi ni mtu wa namna gani? Na kwa nini nianze mimi kusema wakati yeye ndiye aliyeuza? Tangu siku ile hajaniita Fundi hata mara moja, na fundi asiye na cherehani sijui anaitwaje. Nishauri, ila usinikaripie sana, nina umri.

Mimi,
Mgongo Umepona, Moyo Bado

Shangazi anajibu:

Mgongo Umepona, umri hauzuii karipio, unalichelewesha tu. Kaa vizuri kwenye hiyo sofa.

Kwanza pole, na naisema kwa dhati. Kusafiri wiki mbili ukarudi ukakuta maisha yako yamewekewa mito si jambo dogo. Mumeo alikosea, na kama anasoma ukurasa huu, namwambia yeye mwenyewe: Bwana Seremala, mkeo ameumia kwa kuinama kitandani akikata vitambaa. Umetengeneza meza za watu wangapi? Ilikuwaje ukaona cherehani ndiyo mbaya, usione kwamba mkeo hana meza? Na wewe mama, usichekelee. Miaka arobaini umelala kando ya fundi wa meza na hukuwahi kuagiza hata moja.

Hiyo kumi na moja nayo nimeiona. Ile mashine ni tiba, si fimbo. Ikitumiwa kwa kiasi huwafaa watu wa rika letu, huamsha misuli iliyolala na kupunguza maumivu. Ukiipandisha kwa hasira unaumiza kilekile unachokitibu. Anayebandikwa ndiye anayesema namba, hata kama amenuniwa.

Halafu unaniandikia kwamba mumeo bado anaumwa, maskini. Mama, rudia barua yako. Mwenye mgongo mbovu hasogezi kabati la vyombo peke yake, vyombo vikiwa ndani. Wewe ambaye unaona mshono uliopinda ukiwa ng'ambo ya barabara, hili limekupita vipi? Mumeo amepona. Anaguna kwa sababu zilezile zinazokufanya ushike kiuno saa tisa na nusu. Yaani mko wagonjwa wawili wazima wa afya, kila jioni mnalazana kifudifudi na kudanganyana kwa zamu, na mwenye ugonjwa wa kweli amekaa kwenye kiti anasubiri. Nilicheka mpaka goti langu la kushoto likanikumbusha umri wangu. Kisha nikamfikiria yule mama kwenye kiti, nikaacha kucheka.

Kwa hiyo mpigie binti yako leo, kabla hujamaliza chai. Mwambie umepona na aje aichukue mashine. Usimweleze habari za mumeo, hazimhusu. Lakini huyo mama mkwe wake asibandikwe chochote kabla hajaonana na mtaalamu, kwa sababu kushindwa kuinuka kuna sababu nyingi, na mwenye tatizo la moyo au kifaa cha moyo kifuani mashine hiyo si ya kwake. Wanunue vibandiko vipya, hivyo vyenu vimeshiba ngozi zenu miezi saba. Mwandikie kwenye karatasi kwamba aanzie moja, asilale nayo, asiibandike penye kidonda, na kwamba bila mazoezi ya kiti atakuwa anatekenywa tu.

Unaogopa saa kumi, nami naielewa hofu hiyo kuliko unavyodhani. Ila ile namna yake ya kubandua taratibu, akishikilia ngozi kwa kidole, haitoki kwenye kiboksi. Nunua chupa ya mafuta ya kuchua, uiweke palepale penye mashine. Mikono haichajiwi.

Kisha chukua utepe wako wa kupimia. Simama wima, pima kutoka sakafuni hadi kiunoni, andika namba hiyo kwenye karatasi, uiweke kando ya kikombe chake. Usiandike neno lingine. Mmezoea kuongea kwa namba, na sijawahi kumwona seremala aliyepewa kipimo akakaa bila kuuliza ni cha nini. Akiuliza, mwambie ni meza ya kukatia, ya kusimama. Ukishaipata, nenda kwa yule mama wa sare, kwa njia fupi. Anayeshona sare za shule peke yake amezidiwa na kukata, hilo unalijua wewe kuliko mimi. Ukate wewe, ashone yeye. Cherehani ni chuma, mama. Ufundi uko kwenye jicho na mkono, na hivyo mumeo hakuviuza.

Sasa swali lako la nani aanze. Kwa haki, aliyekosa. Lakini kwa miaka yenu sikushauri usubiri haki, inatembea polepole kuliko nyinyi. Tena mumeo ameshaanza, ni wewe tu hukumsikia. Umeniambia kilichokuumiza si kuuzwa kwa cherehani, ni kutoulizwa. Sasa ile "Nne?" ilikuwa nini? Mwanamume asiyejua kuomba radhi alishika kiboksi, na safari hii akauliza kwanza. Kaanza yeye, na wewe ulilia ukaficha uso kwenye mto. Zamu ni yako.

Unalalamika hajakuita Fundi miezi saba. Wewe umemwita mara ngapi? Barua yako imesema mengi, hilo haikusema. Kesho saa kumi usiende kwenye sofa. Nenda ukasimame mlango wa barazani, akiwa amekupa mgongo kule kwenye mbao zake, umwite, "Fundi." Usiongeze kitu. Akigeuka upesi, bila kushika kiuno, utajua amekuwa mzima siku zote hizi akisubiri kuitwa.