Rudisha Funguo za Baba

Otley,
19 Novemba

Kaka yangu Howard,

Pokea salamu nyingi, wewe na wifi yangu Corinne na watoto. Natumaini mafua yamewaachia na kwamba Leicester hamjapata mvua kama yetu. Najua utashangaa kupata barua ya mkono, kitu ambacho sijakuandikia tangu nilipokuwa chuoni nikikuomba hela. Nimeamua hivi kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema manne, na la nne huwa ni kwamba una kikao. Barua huwezi kuikatisha, kaka, kwa hiyo kaa chini usome.

Mimi ni mzima, ila mgongo. Baba ni mzima wa mwili. Ukimuuliza hali atakuambia hana la kulalamikia, na huo ndio ugonjwa wenyewe, maana Baba akiwa sawasawa hulalamika kuanzia asubuhi, mvua, majirani, mpaka wembamba wa mkate. Siku hizi anashukuru kwa kila kitu. Jana nilimpelekea supu isiyo na chumvi akasema ni tamu. Nilikwenda kulia jikoni.

Habari ni ile ile ya faini ya maegesho. Najua unaijua, lakini ngoja niisimulie upya tangu mwanzo, kwa sababu mara ya kwanza tuliisimulia vibaya.

Nilimpeleka Baba kwa daktari wa miguu, akatolewe ule ukucha ulioingia nyamani. Tulikwenda na gari lake, mimi nikiendesha, maana mguu wake ulikuwa haukanyagi kitu. Tuliegesha pale nyuma ya duka la mikate, kwenye uwanja ule ambao zamani ulikuwa wa bure na sasa una kamera kila kona kama vile wanalinda dhahabu. Unaingiza namba ya gari kwenye mashine, unatia sarafu, unapewa tiketi. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu. Tukalipa, tukaenda, tukarudi, tukaondoka zetu. Wiki iliyofuata Baba akapata barua yenye picha mbili za gari lake, likiingia na likitoka, na maneno kwamba hakuna malipo yaliyofanyika. Pauni mia moja. Ukilipa ndani ya wiki mbili, sitini.

Mimi nilisema tulipe hizo sitini tulale. Baba akawaka. Akasema alilipa kwa sarafu zake mwenyewe, na kwamba mtu anayelipa mara mbili amekubali kuitwa mwizi mara moja. Trevor wa nyumba ya pili, ambaye hata paka wake akikohoa yeye hutafuta sheria, alipita uani akatupigia hotuba. Akasema kwanza hiyo si faini hata kidogo, ni ankara ya kampuni ya watu binafsi iliyojivika sura ya polisi, na kwamba yeye binafsi angeichana akawashia moto. Nikamuuliza ameshachana ngapi. Akasema yeye hana gari.

Basi tukaanza kuitafuta tiketi. Nililipekua gari zima, na nikaipata kwenye mfuko wa mlango, chini ya maganda ya peremende za Baba. Unakumbuka ilikuwa Jumapili ile mlipokuja kula chakula cha mchana. Niliingia nayo nimeishika juu kama nimeshinda kombe, nikaiweka mezani kati ya viazi na mchuzi, nikasema haya, hii hapa, wamekwisha. Ukaichukua wewe, ukaisoma. Halafu ukamgeuzia Baba. Saa ilikuwa sahihi, tarehe sahihi, sarafu zilihesabiwa sawa. Namba ya gari ilikuwa KWT 418P.

Gari letu la zamani, lile la rangi ya haradali. Gari ambalo Baba aliliuza mimi nikiwa sijaolewa, na ambalo bila shaka limeshayeyushwa likawa vijiko.

Baba alivua miwani akaifuta kwa pembe ya kitambaa cha meza. Akasema basi ni yeye, akili zake zimeanza kuhama nyumba. Alisema kwa sauti ndogo, bila ubishi, Baba ambaye hubishana na redio. Wewe ukaanza kuongea kwa ile sauti yako ya upole ya kazini, ukasema hakuna anayemlaumu, ila mtu asiyekumbuka gari analoliendesha hafai kuliendesha. Ulipoondoka jioni uliondoka na funguo zote mbili. Na mimi, Howard, sikufungua mdomo. Nilikusogezea mchuzi.

Sasa nikueleze kilichofuata, maana wewe ulirudi kwako. Alhamisi hizi zote Baba hajakwenda kwenye mazoezi ya bendi. Lile tarumbeta lake kubwa limekaa ndani ya sanduku lake pale mlangoni, tunaliruka tukipita. Unajua halibebeki kwenye basi, na basi lenyewe la mwisho kutoka ule ukumbi wa bendi huondoka kabla hawajamaliza wimbo wa pili. Nilimwambia nitamchukua na kumrudisha. Akasema hapana, nina zamu, nisijisumbue. Mkuu wa bendi alimpigia simu kumuuliza kama atakuwepo sokoni kupiga nyimbo za Krismasi. Nilikuwepo, nilimsikia Baba akimjibu kwamba wamtafute kijana, mapafu yake yamechoka. Mapafu! Mtu aliyepiga tarumbeta kwenye bendi ile tangu wewe hujazaliwa, hakukosa Krismasi hata moja, hata mwaka aliokufa Mama.

Kampuni nayo ikajibu rufaa tuliyowapelekea pamoja na nakala ya tiketi. Wakasema ndiyo, wanaona malipo, lakini ni ya gari lingine. Wakasema wako tayari kupunguza mpaka pauni ishirini, mradi aliyebonyeza akiri kwa maandishi kwamba alikosea, atie na sahihi. La sivyo tulipe mia nzima, maana muda wa sitini umepita, au tukakate rufaa ya mwisho kwa wasuluhishi. Baba alishika kalamu pale pale. Nikamnyang'anya. Niliona mbali: karatasi yenye sahihi yake kwamba halikumbuki gari lake, wewe ukiipata utaipeleka kwa watu wa leseni na huo utakuwa mwisho. Samahani, lakini ndivyo nilivyowaza. Kwa hiyo nilikuwa na njia mbili, kulipa mia kimya kimya au kupigana. Nilikuwa na hasira hata nikimhudumia mteja dukani nakunja sura.

Nikaamua kupigana. Trevor aliniambia nikapige picha za mashine, kwamba wasuluhishi hupenda kuona skrini ikiwa mbovu au bango likiwa juu mno. Jumanne nikitoka kazini nilipita pale na gari la Baba. Ndiyo, gari la Baba. Wewe ulichukua funguo mbili, ya tatu ninayo mimi, na sikukuambia. Langu lilikuwa kwa fundi. Nikapiga picha za bango. Nikapiga za mashine. Nyuma yangu pakajipanga watu, na unatujua sisi, mtu hawezi kusimama mbele ya foleni bila kuona haya. Bibi mmoja mwenye kijikapu akaniambia nisijali, nichukue muda wangu, kwa sauti ile inayomaanisha niharakishe. Nikaomba radhi, nikatia sarafu ili nisionekane mwendawazimu anayepiga picha mashine, nikabonyeza namba, nikavuta tiketi, nikaomba radhi tena, nikaondoka.

Niliisoma tiketi nikiwa nimeshakaa ndani ya gari.

KWT 418P.

Howard, sikuwa nimefikiri hata chembe. Vidole vilikwenda vyenyewe. Unakumbuka Scarborough, pale ufukweni, Baba alivyotuimbisha ile namba kila mwaka kabla hajatuachia kushika ndoo za kuchezea mchanga, ili tukipotea tumwambie mtu mzima yeyote gari letu ni lipi? Mimi nilipotea mara moja, na niliimba namba ile kwa yule muuza aiskrimu mpaka Baba akatokea. Imekaa humu mahali ambapo hata jina langu halijafika. Ukinifokea, ukiniweka mbele ya foleni huku mvua inanyesha, ndiyo inayotoka.

Na ndipo siku ile ikanirudia yote. Baba hakubonyeza kitu. Angebonyezaje? Mkono mmoja alishika mwavuli juu ya kichwa changu, mkono wa pili ananipa sarafu moja moja. Alisema amelipa kwa sarafu zake, na ni kweli zilikuwa zake, na sisi wote tukajaza yaliyobaki. Nyani haoni kundule. Mzee wa miaka themanini na tano na binti yake wanasimama mbele ya mashine, kosa likitokea hakuna anayeuliza ni la nani.

Sikwenda nyumbani, nilikwenda kwake moja kwa moja. Nikamwekea ile tiketi mpya kwenye mkono wa kiti. Akaitazama, akaniambia nivue viatu, ninalowesha zulia. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alikuwa ameshika mwavuli, si kwamba alikuwa kipofu. Aliniona nikiibonyeza, akataka kuniambia, halafu akaona sarafu zimeshaingia, akasema moyoni labda mashine haijali. Tena, alisema, ilimfurahisha kidogo kuiona namba ile ikiandikwa na mtu mwingine. Nikamuuliza kwa nini basi siku ile mezani alijitwika kosa langu. Nilimuuliza kwa kelele, nakiri.

Akanijibu kwa utulivu ulioniudhi zaidi. Akasema yeye akikosea watu husema ni uzee, wanamsikitikia, wanamkatia keki. Mimi nikikosea, watauliza kama huyu ndiye anayehesabu vidonge vya watu kwenye duka la dawa. Wewe ulikuwa pale, akasema, na Corinne alikuwa pale, na mke wa bosi wangu yuko kwenye kundi moja la kufuma na Corinne. Kazi ni yangu hadi nistaafu. Gari kwake ni la kwendea mazoezini tu. Akasema alipima akaona ni nafuu. Halafu akauliza kama nitakunywa chai, au kama nimekuja kupiga kelele tu.

Nimekasirika, kaka. Nimeikasirikia kampuni, nimekukasirikia wewe kwa haraka yako, nimemkasirikia Baba kwa kuniamulia, kama vile bado nimeshika ndoo. Zaidi ya wote nimejikasirikia mimi, kwa sababu wiki zote hizi nimekuwa nikimuuliza leo ni siku gani na waziri mkuu ni nani, nikijifanya napiga soga tu. Naye alikuwa ananijibu kwa adabu.

Kwa hiyo sitapigana tena, wala sitalipa mia. Nimeandika ile barua wanayoitaka, kwa jina langu, sahihi yangu: niliyeendesha ni mimi, niliyebonyeza ni mimi. Nakala nimempa bosi wangu mwenyewe kabla hajaisikia kupitia kundi la kufuma. Aliisoma yote. Halafu akajiuliza kwa sauti namba ya simu ya nyumba aliyokulia ilikuwaje, kisha akaitaja mwenyewe yote bila kusita, akasema ya nyumba anayokaa sasa haijui. Tangu hapo kila dawa ninayoiandaa inakaguliwa na mtu wa pili. Sijapenda, lakini ni haki.

Ukitaka Baba apimwe macho, apimwe. Ukitaka aendeshe huku mwalimu wa udereva akimwangalia, nitamlipia. Lakini apimwe kwa kosa lake, si kwa langu. Mazoezi huanza Alhamisi saa moja na nusu jioni, na bado hawajampata huyo kijana. Ukishindwa kuja, funguo zitume kwa posta.

Na kabla hujainua simu kunibishia, nakuomba jambo moja. Funga macho, utaje namba ya gari la Baba. Usifikiri. Ile ya kwanza kukujia mdomoni, ndiyo hiyo hiyo. Sasa niambie kati yetu nani apokonywe funguo.

Wasalimie wote, mbusu mdogo kwa niaba ya shangazi yake. Baba anawasalimu pia, ingawa hajui kama nimekuandikia. Nimejichukulia salamu yake bila kumuuliza, kama yeye alivyojichukulia kosa langu.

Dada yako akupendaye hata akikufokea,

Gaynor