Ulimi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Biringanya limerudi jikoni vilevile lilivyokwenda. Alama moja ya kijiko katikati, kama kuku kadonoa. Nimelichoma mpaka ganda likawa jeusi, nimelimenya vidole vikiungua, nimeliponda na kitunguu saumu, ndimu na tone la mafuta. Mama mkwe kachovya mkate mara moja tu. "Hiki chakula au udongo wa mfinyanzi?" Mbele ya mume wangu! Na mume wangu, fundi umeme mzima, mtu anayeshika nyaya bila woga, akainamia sahani yake utadhani kuna habari zimeandikwa humo.

Si mimi niliyesema ale mboga. Daktari ndiye aliyesema, mama alipotoka hospitali baada ya ile homa kali: meno ameng'olewa, presha iko juu, basi apewe vitu laini, mboga kwa wingi, chumvi ya kuonja tu. Mimi ni fundi cherehani. Nina gauni la bibi harusi mezani halina hata mikono.

Lakini kumpikia huyu! Mama aliyekuwa akipikia harusi za mji mzima. Watu walikuwa wakisogeza tarehe ya harusi kwa sababu yeye ana shughuli kwingine. Ni kama kumwimbia kasuku.

Jumatano, 5 Machi

Karoti. Nimezichemsha, nimeziponda na tangawizi. "Tangawizi iko wapi?" Tangawizi iliyonitoa machozi nikiikuna!

Njegere za kupondwa: "Kali mno." Hazina hata chembe ya pilipili.

Muuza mboga wa pale kona ananicheka. Eti shoga, kwa mabiringanya unayobeba, sema tu umefungua hoteli. Akanichagulia parachichi lililoiva sawasawa, akaapa kwamba hili halijawahi kukataliwa na mtu. Nimeliponda na nyanya, kitunguu nimekikata vipande kama chenga za mchele. Mama akala vijiko viwili, akasukuma bakuli.

"Nimeshiba maneno."

Maneno gani? Nilikuwa kimya tangu asubuhi!

Na kibaya zaidi, anakonda kweli. Leo nimembania gauni kiunoni tena. Mkono wa fundi haudanganyiki.

Alhamisi, 6 Machi

Wifi kapiga simu. Sauti ya wifi yangu hutoka nje ya simu hata ukiibana kifuani. Anamwambia kaka yake kwamba mama kabaki mifupa, kwamba mama analishwa majani kama mbuzi, kwamba atakuja amchukue akakae kwake. Ameshawaambia na shangazi zao. Sasa ukoo mzima unajua mimi namuua mama yao kwa njaa.

Mume wangu: "Sawa dada, tutaongea."

Tutaongea! Nikamwuliza kwa nini hakunitetea. Eti hataki kuwasha moto. Moto umeshawaka, bwana, na kuni ni mimi.

Kwa wifi wote wanatoka asubuhi, wanarudi jioni. Mama atakaa na nani? Na televisheni? Nalijua hilo. Lakini kuna kipande cha moyo wangu kinasema: mchukue! Hata leo! Naliandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Jumapili, 9 Machi

Nimefoka leo. Nimemfokea mtu mzima.

Nilimwomba kitu kidogo tu. Pilipili hoho ziko motoni, akae nazo, zikianza kubabuka aniite, mimi niko sebuleni nampima mteja. Harufu ya kuungua ikanifikia mimi. Ikamfikia mteja. Jirani akaita dirishani, kwenu kuna usalama? Nakimbilia jikoni – mama kakaa kwenye kigoda, mgongo kaupa jiko, anachambua mchicha kwa utulivu! Hoho zimekuwa mkaa.

"Mama! Hata harufu hukusikia?"

Akaendelea na mchicha wake – majani anatupa, vikonyo anaviweka bakulini.

Nikadhani ni jeuri. Nikazoa majani pipani, nikayaosha kwa hasira, maji yakaruka mpaka ukutani.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana nilikuna tango, nikalikamua, nikalichanganya na mtindi na kitunguu saumu. Mteja alikuwa mlangoni akidai gauni lake, nikatia chumvi harakaharaka, nikampelekea mama. Kijiko cha kwanza tu:

"Ndiyo maana presha yangu haishuki! Chumvi yote hii unampa nani?"

Damu ikanipanda. Nilitia kidogo sana! Nikachukua kijiko, nikaonja mbele yake ili nimwoneshe.

Sukari. Nilikosea kopo. Sukari na kitunguu saumu na mtindi! Nikakimbilia sinki.

Niliporudi alikuwa bado anakula. Ameshika bakuli kwa mkono mmoja kama mtu anayemaliza dawa. Nikakaa chini kwenye mkeka.

"Mama. Ni sukari."

Kijiko kikasimama hewani. Akakiweka chini polepole. Akaangalia mlango kwanza, kisha akaniangalia mimi.

"Tangu ile homa," akasema. "Sisikii ladha. Sisikii harufu. Nikila ni kama natafuna karatasi iliyolowa."

Basi huyu mama alikuwa anabahatisha. Kila siku anabahatisha – chumvi, tangawizi, pilipili – na mimi kila siku narudi jikoni kusahihisha kosa ambalo halipo. Nilitaka kucheka. Nilitaka kuvunja bakuli. Nikamwuliza kwa nini hakusema, kwa daktari angalau.

"Nimwambie nani? Mpishi bila ulimi ni nani katika dunia hii? Usimwambie mtu, mwanangu. Mumeo usimwambie. Binti yangu ndiyo kabisa."

Mwanangu! Miaka yote nilikuwa "mke wa fulani". Leo, kwa sababu anataka siri, nimekuwa mwanangu.

Nimekubali. Mjinga mimi.

Ijumaa, 14 Machi

Kuna maendeleo, na maendeleo yenyewe yananitia wazimu.

Ladha hasikii lakini baridi anaisikia, moto anausikia, ulaini na ukwaruzo anavisikia. Ameniambia nisiponde mpaka iwe uji. "Niachie kitu cha kuhisi mdomoni." Basi mtindi na tango naupoza, naweka pembeni ya biringanya lenye moto. Anachovya huku, anachovya kule. Boga nimeliacha na vibonge. Jana kamaliza nusu bakuli. Nikashukuru.

Halafu mume wangu akaingia, akakaa, na mama huyuhuyu akasukuma bakuli: "Boga limepooza kama maji ya kunawia."

Nikamfuata chumbani. Mama, kwa nini?

"Lazima niseme kitu. Nikinyamaza watashangaa."

Kwa hiyo siri ni yake, na lawama ni zangu! Nimemwambia amweleze daktari, labda kuna dawa. Amegeukia ukuta. Mume wangu naye kaniuliza usiku wa kuamkia leo kama siwezi kuongeza bidii kidogo tu. Bidii! Nimeng'ata shuka.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya jokofu. Wako sebuleni.

Wifi kaja na begi. Begi tupu la kutia nguo za mama. Kalikalisha katikati ya sebule kama mgeni wa pili. Nimeamka na mishipa juu, nimepika kwa haraka, nimepeleka mezani biringanya, mtindi na tango, mchicha wa kupondwa na njegere. Wifi kachovya mkate kwenye mchicha, kaacha kutafuna.

"Hiki ndicho anachokula mama yangu?"

Nikarudi jikoni kuonja kilichobaki sufuriani. Wifi amesema kweli. Leo sikutia chumvi kabisa, ndimu sikukamua – kipande kizima kiko hapa kwenye ubao kinaniangalia. Siku zote nimepika vizuri nikaambiwa vibaya. Leo, siku ya hukumu, ndiyo nimeharibu!

Nasikia kila kitu kutoka hapa. Wifi anasema: mama, mpishi ni wewe, ulimi wako hakuna asiyeujua. Onja, useme mwenyewe. Ukisema hiki ni chakula cha mtu, nitafunga mdomo wangu na begi nitarudi nalo. Ukisema si chakula, tunaondoka wote leo. Mume wangu anakohoa. Kazi yake kukohoa.

Mama kasema ngoja kwanza nikanawe mikono.

Na sasa yuko hapa. Kaegemea mlango wa jikoni, bomba kalifungua maji yamwagike wasikie. Anadhani naandika vipimo vya mteja.

"Ule mchicha," ananong'ona. "Una nini? Niambie haraka."

Nikimwambia kweli, ataenda kuutaja upungufu neno kwa neno, jina lake litasimama, na begi litajaa. Nikimwambia mzuri, atausifu mbele ya binti yake ambaye bado ana ladha yake mdomoni, na ndani ya dakika moja wote watajua kuwa ulimi umekufa.

Wifi anaita, "Mama! Mbona maji tu?"

Amenishika mkono, huu wa kalamu. Vidole vyake vyepesi, vikavu.

"Sema, mwanangu. Chochote utakachosema ndicho nitakachosema."