Ng'ambo Ipi, Mwalimu?

Ijumaa, mwanzoni mwa Desemba 1978. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, wazazi wakafika shuleni na matope hadi magotini.

Leo tumefunga shule. Nimekaa chumbani na gauni la sherehe bado liko mwilini, na chakula sijakigusa. Acha niandike upesi, kabla sijaanza kujitafutia visingizio. Najijua, huwa nina vingi.

Kazi ya kusoma mafanikio ya muhula nilipewa mimi, kwa kuwa Mwalimu Mkuu huandika mwandiko ambao hata yeye humshinda kuusoma. Nikasimama, nikasoma. Shamba la shule limetoa maharage mengi kuliko mwaka jana. Choo cha wasichana kimeezekwa. Ngoma yetu imeshika nafasi ya pili wilayani. Wanafunzi wamechanga ndizi na kuku kwa ajili ya askari wetu walioko vitani, ingawa jogoo mmoja alitorokea migombani kabla ya kukabidhiwa. Hapo watu walicheka, nami nikafurahi, maana napenda kusikilizwa.

Kisha nikasoma la mwisho, ambalo tulilibakiza makusudi: mwanafunzi wetu wa darasa la sita, Bibiana, alichaguliwa kuiwakilisha wilaya nzima katika kambi ya watoto wa nchi rafiki, ng'ambo. Makofi yakapigwa hadi watoto wadogo wakashtuka.

Makofi yalipotulia, mama yake akasimama.

Mama Bibiana si mtu wa kusema mbele za watu. Ni mkulima, Kiswahili amekipata sokoni na katika kisomo cha watu wazima ninachokifundisha mimi jioni. Alishika ncha ya kanga yake akasema, "Samahani, Mwalimu. Ni ng'ambo ipi? Mimi nimevuka mto mala tatu. Kwa shangazi yake hawajamuona."

Mmoja akacheka, wakafuata wote. Mwalimu Mkuu, ambaye si mtu mbaya, akamweleza kwa sauti ya upole, "Mama, ng'ambo ni Ulaya. Bulgaria. Walipanda ndege. Sasa wamerejea, wako Dar es Salaam." Mzee mmoja wa nyuma akadakia, "Kumbe alikuwa akiitafuta Bulgaria kwa mtumbwi." Wakacheka upya. Mama Bibiana akaketi, akajifunika kanga hadi machoni.

Mimi nilitabasamu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya.

Wote waliocheka wanaamini kwamba mama yule hakuelewa. Ni kweli hakuelewa. Wasilolijua ni kwamba nilikuwepo alipokosa kuelewa, nikaona, nikamwacha.

Ilikuwa Julai. Mwalimu Mkuu alinituma mimi kwa mzazi kwa kuwa mimi ni Msubi wa Biharamulo na Kihangaza, lugha ya hapa, hakinipi shida. Nilimkuta akimenya ndizi. Nikamwambia serikali imemchagua binti yake kwenda ng'ambo, na neno lenyewe nikamgeuzia kwa lugha yake, hakurya, yaani upande wa pili. Hapa kwetu upande wa pili ni mmoja tu. Ni ule ulioko baada ya mto wa mpakani, unaouona ukisimama mlimani, wenye soko, mashamba na jamaa walioolewa huko. Uso wake ukachangamka. Akasema, "Basi atamsalimia shangazi yake."

Nilielewa papo hapo alichokifikiria. Nilitakiwa kusema bahari, ndege, wiki sita. Lakini mama huyu hajawahi kumruhusu binti yake alale hata kijiji cha pili, na Mwalimu Mkuu alikuwa ameshanionya kwamba mzazi akikataa, nafasi itakwenda kwa shule moja ya Nyamiaga. Nami nilikuwa nimekaa miezi miwili nikimfundisha Bibiana risala iliyompatia nafasi hiyo, nikimrekebisha kila anapoita "lisala". Nilitaka aende. Tena nisijidanganye, nilitaka isemwe wilayani kwamba mwalimu wake ni fulani.

Nikamjibu, "Atamsalimia."

Fomu ilikuwa na nafasi ya kidole gumba. Hakutaka kuweka dole. Aliomba kalamu, akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja, zile nilizomfundisha mimi, kisha akaniangalia kama nitamsahihisha. Nilimwambia ameandika vizuri sana.

Mwishoni mwa Septemba gari la wilaya likaja kumchukua mtoto. Mama yake alimfungia maharage ya kumpelekea shangazi. Niliyaona yale maharage pia, na nikanyamaza.

Wiki sita zilikwisha, na vita vikawa vimeingia. Ikaja telegramu kwamba watoto wamerejea Dar es Salaam salama, ila watasubiri kwa kuwa magari yamechukuliwa kupeleka askari. Kaka yangu ananiandikia kutoka Biharamulo kwamba malori yanapita huko mchana na usiku, na basi hupatikana kwa bahati. Nilimpelekea Mama Bibiana habari nusu, kama kawaida yangu. Nikamwambia, "Binti hajambo, yuko njiani."

Kumbe aliposikia neno njiani, alikwenda mtoni kumpokea. Hakumwona, akavuka. Akarudi, akavuka tena. Mara ya tatu mgambo walimshikilia kutwa nzima wakimhoji anampelekea nani habari, maana siku hizi anayevukavuka mpaka bila sababu ya maana hutazamwa kwa jicho baya. Sababu yake yeye ilikuwa mtoto, lakini nani angemwamini? Wiki iliyopita nilisikia kwenye chumba cha walimu kwamba kuna mama ameshikwa mtoni. Sikuuliza ni nani. Nilikuwa nikisahihisha mitihani.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, na aliyeitembea kwa miguu ni mtu mwingine.

Lakini hayo siyo yaliyoninyima chakula.

Wazazi walipotawanyika nilibaki darasani nikikusanya vitabu. Mama Bibiana akaja mlangoni, akavua ndala ili asichafue sakafu. Aliniuliza kama Dar es Salaam ni mbali kuliko Bukoba. Nikamwambia ni mbali zaidi, ila ni nchi yetu hii hii, na mtoto ana walimu wa kumtunza. Akashusha pumzi. Kisha akasema kwa Kihangaza, polepole, mtu mzima akizungumza na mimi ninayelingana na mdogo wake wa mwisho, "Mwalimu, nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya wakubwa. Ulinieleza vizuri, ni ujinga wangu mimi sikushika."

Nikamjibu, "Usijali, mama. Yamekwisha."

Akanishukuru. Akanishukuru kwa mikono yote miwili, akavaa ndala zake, akaenda.

Nimemsamehe. Mimi.

Nimejaribu kusali na nimeshindwa, kwa sababu kila nikianza naona nitaombwa msamaha na Mungu pia.

Jumapili baada ya misa watu wale wale watakuwa wamesimama nje ya kanisa, na yule mzee wa mtumbwi hatakosa. Kwenda kunong'ona nyumbani kwa Mama Bibiana peke yetu hakutoshi, maana kicheko alikipata hadharani. Natakiwa kusema pale pale, wote wakisikia. Mwalimu Mkuu atakasirika, na sifa zote za muhula huu zitaingia doa. Sijui kama nitaweza au kama Jumapili nitaamka na homa ya ghafla.

Yeye alisimama mbele ya kijiji kizima, kwa Kiswahili cha kuokoteza, akijua watamcheka, ili aulize mwanawe yuko wapi. Je, mimi mwenye cheti cha ualimu nitaweza kusimama na kusema neno moja tu, kwamba nilijua?