Komodoo wa Chamwino

Jumatano, 3 Julai 2024
Mazengo anakuja! Hilda kaniambia huku anachambua mchele, hata kuniangalia hakuniangalia. Mazengo wa Chamwino — aliyemchumbia mke wangu Hilda kabla yangu, akaenda Uingereza kusoma, akaingia jeshi la majini la huko. Akapanda vyeo, akaongoza manowari. Sasa Komodoo. Bado hatua moja awe admirali! Mimi nauza vipuri vya pikipiki hapa Nkuhungu.

Jumamosi, 6 Julai
Amefika. Mvi kidogo, mgongo umenyooka. Mtaa mzima uani kwangu. Anasimulia dhoruba, sahani zinaruka mezani. Hilda hapepesi macho. Na kampikia mlenda! Mimi nikiuomba, hana muda. Nikamuuliza Mazengo, na ukame wote ule wa Chamwino, ulijifunzia wapi kuogelea? Watu kicheko. Yeye akacheka kuliko wote. Akaniita kaka. Kaka!

Jumapili, 7 Julai
Mchungaji kamsimamisha kanisani. Makofi. Hilda kavaa gauni alilovalia harusi ya binti yetu. Nikamwambia limembana. Uongo. Limemkaa vizuri mno.

Jumanne, 9 Julai
Leo nimefunga duka mapema. Nikawakuta uani wawili tu. Mazengo analia — Komodoo! Mkono wa Hilda uko begani kwake.
“Kuna nini hapa?”
Akajifuta uso. Kumbe kastaafu. Uadmirali kapewa mwingine, tena mtu aliyefundishwa na Mazengo mwenyewe. Mama yake alizikwa yeye akiwa baharini. Nyumba yake kule haina mtu.
“Kaka, miaka yote hii nakuonea wivu wewe.”
Nilifurahi, nisidanganye. Nilifurahi sana! Furaha haikumaliza hata dakika.
“Mwambie na la kiwanja,” Hilda akasema.
Kiwanja gani? Kile cha mzee Taufiq, nyuma yetu. Kakinunua. Anajenga. Nani kamtafutia? Hilda akainuka kwenda kuchukua chai.

Jumatano, 10 Julai
Asubuhi lori likamwaga mchanga, Mazengo akaja kuniomba nimshikie kamba apime msingi. Ningekataaje, majirani wanatazama? Nikashika ncha moja, yeye nyingine.
“Sogea upande wenu kidogo, kaka.”
Sikusogea. Kamba ikakaza. Nikageuka — Hilda yuko dirishani, anatabasamu. Sijui anamtabasamia nani.