Ile Ndege ya Ziwa Mweru Uliyonitumia

Nchelenge, Zambia, kando ya Ziwa Mweru
Tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mudogo wangu Zéphyrin,

Uko namna gani, wewe na Marlène na watoto? Kikohozi cha Blanchard kiliisha? Sisi hapa tuko wazima, tunashukuru Mungu. Upepo wa baridi unatoka ziwani tangu wiki tatu. Mama anakaa jikoni siku nzima kwa ajili ya muguu wake unaouma, lakini anakula vizuri na anagombana vizuri, basi ujue hana neno. Binti yangu Bénie amekuwa murefu kunipita, na nguo zangu anazivaa bila kuomba.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa maana kwa telefone ulinijibu na vile vichwa vidogo vya kucheka, vitano, nilivihesabu. Chouchou anavuka ziwa kesho mpaka Kilwa, upande wetu wa Kongo, na mizigo yake ya samaki, halafu anapanda gari ya Lubumbashi. Atakupa barua hii mukononi. Usicheke mbele yake.

Unakumbuka mwezi wa nne nilikuomba foto za ndege za zamani. Nilikueleza pole pole: direkta wetu wa masomo, Ba Chileshe (Ba ni heshima ya Kibemba), alinipa ukuta wa klasi yangu nichore historia ya ndege, kwa sababu wakubwa wa masomo wa wilaya walikuwa wanakuja kututembelea. Wewe uko na mtandao muzuri kazini. Wetu unakuja na kwenda kama mugeni. Ukanitumia foto tatu. Ya kwanza, ndege ya mabawa tisa, yamepangwa juu juu sawa mabati ya kibanda kinachotaka kubomoka. Ya pili, ndege ya mviringo kama sahani. Ya tatu, ndege ya rangi ya fedha, moteri nne, inatua juu ya maji, na wewe mwenyewe uliandika: "Ilitengenezwa mwaka 1938 kwa kutua Ziwa Mweru."

Zéphyrin! Ziwa letu! Ulifikiri nitafanya nini? Niliichora kubwa kuliko zingine zote, na rangi ya mashua niliyoomba kwa wavuvi wa Kabuta. Siku nne juu ya meza, shingo inauma. Watoto, wa Kibemba na wa wakimbizi wenzetu, walikuwa wanaonyeshana fasi ambapo ingetua ziwani.

Wiki moja mbele ya wageni kufika, Ba Mwewa akapita masomoni, klasini kwangu. Huyu alikuwa fundi wa ndege miaka mingi kule Ndola; sasa anatengeneza moteri za mashua, na maneno yake ni machache kama meno yake. Akasimama mulangoni, akavaa miwani, akatazama ukuta.

"Bamadamu," akasema, "kati ya hizi tatu, moja hakuna mutu aliyeitengeneza hata siku moja."

Watoto thelathini na nane wakanigeukia.

"Asante, Ba Mwewa," nikasema. "Kazi yangu ninaijua."

Akatoa miwani, akaenda. Hakunigombeza. Afazali angenigombeza.

Jioni nikakuuliza: ni gani ya uongo? Na wewe, kwa dada yako mukubwa: "Yaya, zote nzuri tu," pamoja na vile vichwa vyako.

Bon. Nikatumia akili yangu. Nani anaweza kuweka mabawa tisa juu ya ndege? Nani anapanda sahani? Ya uongo ni moja, lakini sikujua ni gani kati ya hizi mbili, basi nikachukua chokaa, nikafuta zote mbili. Ya fedha nikaibakiza, kwa maana ilikuwa nzuri, na kwa maana ilikuwa yetu.

Wageni wakafika. Mama mumoja wa wilaya, mupole sana, akauliza Taonga, binti anayekaa mustari wa mbele: "Nani alitengeneza hii?" Taonga akataja mwaka, akataja ziwa. "Vizuri. Lakini nani? Na mulisoma wapi?" Taonga akanitazama. Yule mama naye akanitazama. Nikasema, "Ndugu yangu alinitumia." Ndiyo, mudogo wangu, hilo ndilo jibu nililotoa mbele ya wakubwa wa wilaya. Direkta akaanza kukohoa na hakuwa mugonjwa.

Kesho yake muzazi mumoja akaja kusema mukimbizi anafundisha watoto wao uongo. Unajua sina karatasi za ualimu za Zambia. Diplome yangu ni ya kwetu; klasi hii nilipewa kwa kuaminiwa tu. Direkta akaniita ofisini.

"Madamu, uniletee ukweli mbele ya Ijumaa. Ukileta ukweli, nitakutetea. Ukileta ndugu, siwezi."

Nikapanda baiskeli mpaka Kabuta. Nilimukuta Ba Mwewa mikono yote mafuta, nikapiga magoti na kupiga makofi pole pole kama Wabemba wanavyoheshimu mukubwa. Nikamwambia, "Nilikukosea mbele ya watoto. Unisamehe." Akanisukumia kiti.

"Ulifuta gani?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka spana ikamuponyoka.

"Awe, hapana, Bamadamu! Umefuta mbili za kweli, umebakiza ya uongo!"

Akaingia ndani, akatoka na kitabu kizee, kurasa zinaanguka. Ndege ya mabawa tisa ilikuwa humo, foto kabisa, watu wamesimama kando yake. Ni ya Italia, mwaka 1921, moteri nane, ya kubeba watu mia moja. Aliyeitengeneza anaitwa Caproni. Iliruka kidogo juu ya ziwa la kwao, ikaanguka ndani ya maji. Ile sahani ilitengenezwa Kanada kwa ajili ya jeshi la Amerika, na kupanda juu ya mita moja ilikuwa shida.

"Za kweli ziko na aibu zake," Ba Mwewa akasema, akitazama ile ya fedha ndani ya telefone yangu. "Ziko na tarehe, ziko na mutu aliyelia. Hii yako ya fedha haijashindwa kitu hata kimoja. Tena utazame: mapanga yanayozunguka ya hizi moteri mbili yangegongana. Na mulango? Rubani anaingilia wapi?"

Siku nne nilichora ndege isiyo na mulango, Zéphyrin. Mimi mwenyewe, na mukono wangu.

Lombe, mwalimu mwenzangu, akatafuta kwa telefone kule sokoni, mtandao unakokaa. Akapata foto yenyewe, nzima. Kijana mumoja aliichora kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, na chini aliandika wazi: ndege niliyoiwaza. Yeye hakudanganya mutu. Wewe ndiye ulikata maneno yake! Nilipokupigia ulisema yalikuwa yanaharibu picha. Na Ziwa Mweru ulilitoa wapi? "Nilifikiri utafurahi, Yaya." Nilifurahi! Hiyo ndiyo shida yote!

Ijumaa nikasimama mbele ya watoto, direkta, yule muzazi na Ba Mwewa. Nikasema niliamini iliyonipendeza, nikafuta nisizozielewa, nikanyamazisha mutu aliyejua. Halafu yule muzazi akamuuliza Ba Mwewa kama kweli mutu alipanda ile sahani, na mpaka saa sita walikuwa bado wanazungumza juu ya sahani. Direkta amenibakiza.

Tumechora tena zile mbili, na chini yake jina, mwaka, na namna zilivyoshindwa. Ya fedha iko palepale, chini nimeandika: "Iliwazwa. Haikutengenezwa."

Sasa sikia ulichonifanyia. Siku ile Taonga aliinua mukono: "Madamu, na yale mengine yote uliyotufundisha tangu Januari, nani aliyaona?" Tangu hapo sina amani. Nikitaja urefu wa muto, wanauliza nani aliupima. Jana nilifundisha nusu ukurasa tu kwa saa nzima. Ninarudi nyumbani sauti imekauka, na ninakwambia wewe peke yako: sijapata kuwa na klasi nzuri kama hii.

Foto ukituma tena, utume nzima, na maneno yake.

Umusalimie Marlène, Blanchard, na shangazi Pierrette pale kwake Likasi. Mama anasema Mungu akulinde barabarani na akupe akili, ya pili amesisitiza.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Suzanne