Mariat na chama cha baba yake

Hajara, natoka kwa bibi Mariat sasa hivi. Bado siamini!

Kasese, miaka ya hamsini. Baba yake Mhindi, mama yake Mkonzo, mwenyeji wa huko. Wahindi wa mjini wakaunda chama, maana Wazungu waliwakataza kuingia klabuni kwao. Mariat akawapikia chai ya mkutano, moyo mweupe, akijua amepata watu wa kumtetea.

Akaomba kujiunga. Mwenyekiti akamwambia, "Wewe chotara. Chama hii ni ya Wahindi tu."

Ya Wahindi tu! Na baba yake amekaa pale pale!

Mariat akamgeukia. "Baba, sema kitu."

Baba akainuka, akamshika mkono taratibu, akamtoa nje, akarudi ndani, akafunga mlango.

Mariat akawasikia ndani wakiendelea kudai usawa. Hakubisha hodi.